Milango Ndani ya Nyama

Nyama haifi pamoja na ng'ombe. Hilo Lowoi alilijua tangu ujana wake, siku ya kwanza alipopewa kisu katika kichinjio kimoja pembeni mwa mji wa Isiolo. Awale, mchinjaji, akishasoma bismillahi na kukata koo, damu ikishatiririka hadi ikakoma, ng'ombe hutundikwa kwenye ndoano na Lowoi huanza kuchuna ngozi. Na hapo chini ya ngozi, paja lenye joto huanza kucheza. Mnofu unaruka hapa, unatulia, unaruka pale, kama mtu anayefinywa akiwa usingizini. Wageni wakiona hayo hurudi nyuma. Lowoi alizoea kuwacheka, kisha akaacha, maana aliona kwamba yeye na ng'ombe yule wamebadilishana mambo: ng'ombe amekufa na nyama yake inacheza, na yeye yu hai lakini kuna asubuhi nyama yake hulala kama ya maiti.

Halikuwa jambo la kila siku. Zingeweza kupita wiki nyingi akiwa mzima, akibeba nusu ng'ombe begani kutoka kwenye ndoano hadi kwenye gari la wenye bucha. Kisha, baada ya siku ya kazi nzito na chakula kingi jioni, aliamka alfajiri akakuta mwili haumtii. Akili ipo, macho yanaona misumari ya mabati juu, masikio yanasikia adhana ya Bulla Pesa na jogoo wa jirani, lakini akiuambia mguu uinuke, hauinuki. Mikono nayo hivyo hivyo. Alibakiwa na shingo na pumzi, basi. Kufikia adhuhuri nguvu zilirudi kidogo kidogo, zikianzia vidoleni, na jioni ungemkuta amesimama ananoa visu kana kwamba hakuna lililotokea.

Ugonjwa huo ulikuwa na jina kabla haujawa na daktari. Waturkana wa Ngaremara waliuita Paja. Walisimulia kwamba babu yake Lowoi, wakati wa njaa fulani, alichinja fahali kichakani na kula paja la nyuma peke yake. Sasa, kwa Waturkana, paja hilo si nyama ya mtu mmoja. Wanaume huketi nusu duara kwa kufuata umri, wazee hulikata na kuligawa, na anayelila kwa kujificha ni kama amewala wenzake. Rika lake lilimwambia kwamba amekula paja lao, na mapaja ya uzao wake ndiyo yatakayolipa. Mzee Lokuruka, baba yake Lowoi, alikuwa akianguka kila baada ya sherehe, hadi Krismasi moja akalala na hakuamka. Nani tena angehitaji ushahidi?

Karimi, mkewe Lowoi, hakuwa wa huko. Yeye alitoka mlimani, Mmeru, binti wa wakulima wa miraa, na alipotaka kuolewa na mchuna ngozi wa Kiturkana, kwao waliuliza jambo moja tu: hiyo habari ya Paja ni habari gani? Lowoi akaapa mbele ya mama mkwe kwamba ni porojo za wazee waliokosa kazi. Tangu hapo asubuhi zake mbaya aliziita mgongo. Angesema mgongo umemkamata, naye Karimi angempaka dawa ya kuchua, akimpa pole, akiwalaani wenye bucha wanaombebesha mtu mmoja mzigo wa watu wawili. Mgongo wenyewe haukuwa na kosa lolote.

Na Karimi alikuwa mtu wa kulisha. Wako wanaopenda kwa maneno. Yeye alipenda kwa sufuria. Mtoto akianguka, chai. Jirani akifiwa, chapati. Mtu akionekana mnyonge, glukosi ya pakiti kutoka dukani, vijiko vinne vya kujaa katika kikombe kimoja. Hakuanzisha yeye. Kila mama, kuanzia Kipsing hadi Sericho, anajua kwamba asiye na nguvu hupewa sukari, na hakuna aliyewahi kulaumiwa kwa hilo.

Mwaka uliopita, baada ya asubuhi moja ambayo unyonge ulipanda hadi kifuani na kupumua kukawa kazi ya kuazima, Lowoi alikwenda hospitali peke yake. Nyumbani alisema anakwenda kutazamwa mgongo. Alimkuta Daktari Makandi, mwanamke mfupi asiyependa kurudia jambo. Daktari alimsikiliza, akamtoa damu, akaituma Nairobi, na Nairobi wakaituma mbali zaidi. Majibu yaliporudi alimwita, akafunga mlango wa chumba.

"Wewe unachuna ng'ombe," alisema. "Umeona nyama ikicheza?"

"Kila siku, daktari."

"Basi hii utaielewa haraka."

Akamweleza. Nyama ni nyuzi, alisema, na kila uzi ni seli moja ndefu yenye ukuta mwembamba. Ukutani mna milango midogo isiyoonekana kwa jicho, milango ya kalsiamu, madini yale yale yaliyo katika mfupa na katika maziwa. Kila mlango ni protini moja ndefu iliyojikunja mafungu manne, na mafungu hayo husimama yakitazamana na kuacha tundu katikati. Kila fungu limepenya ukuta mara sita, na pale linapopenya mara ya nne pana chaji za umeme. Hapo ndipo anapokaa mlinzi. Ubongo ukitaka mguu uinuke, hutuma umeme kwa mshipa wa fahamu. Umeme ukifika ukutani, walinzi husukumwa, na mlango hubadili umbo.

"Halafu hiyo kalsiamu inaingia," Lowoi alisema.

"Kwa moyo, ndiyo. Moyo lazima uingize kalsiamu kutoka nje ndio ile ya ndani ifunguliwe. Lakini kwa mguu na mkono, kazi kubwa ya mlango wa nje si kupitisha. Ni kuvuta. Umeshikana na mlango mwingine mkubwa, wa ghala ya ndani. Wa nje ukigeuka, wa ndani unafunguka, kalsiamu inamwagika kutoka ghala, nyuzi zinavutana, nyama inajikunja. Kisha pampu zinairudisha ghalani, nyama inalegea. Nguvu yako yote ni hiyo."

"Na ya ng'ombe amekufa?"

"Ghala bado imejaa, na ukuta bado una umeme kidogo. Kisu chako kinaugusa, milango inafunguka. Baadaye kalsiamu inavuja, na mwili umeishiwa na nguvu ya kulegeza nyama tena. Inakaza. Hiyo unaijua kuliko mimi."

Aliijua. Alikuwa amebeba mapaja yaliyokaza kama mbao maisha yake yote, bila kuambiwa kwamba kulegea nako kunahitaji nguvu.

Daktari akashusha sauti akaja kwenye nyama ya Lowoi mwenyewe. Katika maagizo ya kuujenga mlango ule, herufi moja tu ilikuwa imebadilika. Mlinzi mmoja alizaliwa bila chaji yake, na pale anaposimama pameachwa ufa. Siku nyingi mlango unafanya kazi, hakuna anayejua. Lakini umeme huvuja kwenye ufa huo, na potasiamu ikishuka katika damu, ukuta wa seli hukwama na kuwa kiziwi. Ubongo unaita, nyama haiitiki. Na kinachoishusha potasiamu ghafla ni mtu kupumzika baada ya kazi nzito, hasa akila wanga mwingi na sukari juu yake, kwa sababu mwili unapoingiza sukari ndani ya seli, potasiamu nayo huondoka kwenye damu ikafuata.

"Kwa hivyo ukiwa namna hiyo, sukari kwako ni sumu," alisema. "Dripu ya glukosi pia. Utakunywa hii dawa ya potasiamu, utakula kidogo kidogo, hutalala ghafla baada ya kazi. Na unisikilize vizuri. Hii si laana ya mtu. Ni urithi. Mtoto wako anaweza kuwa nayo, ndugu yako pia, nusu kwa nusu. Mwingine anaishi nayo na hajawahi kuanguka. Waambie."

"Nitawaambia," Lowoi alisema.

Sasa mtazame mwanamume huyu. Kila siku anasimama chini ya fahali mwenye uzito wa watu wanane, kisu mkononi, haogopi kwato wala pembe. Akaogopa sentensi moja. Alitoka hospitali akiwa na maneno yote kichwani, akafika nyumbani Chechelesi, Karimi akamuuliza mgongo umesemaje, naye akajibu kwamba mgongo unahitaji kupumzishwa. Dawa akaificha kazini, ndani ya gambuti kuukuu. Sukari aliiacha kwa kusema meno yanamuuma.

Sababu alikuwa nazo, tena zilipangana vizuri. Kichinjioni watu huchukuliwa kila asubuhi langoni, na mwenye kuanguka hachukuliwi. Nyumbani alikuwa ameapa kwamba Paja ni porojo. Na alikuwa na binti, Nakaale, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, mkimbiaji wa shule, miguu kama swala. Siku moja watu wangekuja kumchumbia, na wangeuliza. Juu ya hayo ilikuwepo aibu moja ndogo, lakini yenye meno: aibu ya mume aliyechuliwa mgongo mzima kwa miaka yote ile. Akajiambia atasema Nakaale akianguka. Kila alfajiri alilala macho wazi akisikiliza nyayo za mtoto zikigusa sakafu. Zilipogusa alishukuru, akaenda kazini. Wahenga walimjua mtu huyu kabla hajazaliwa, ndipo wakasema mficha maradhi kilio humuumbua.

Kilio kilikuja kwa njia ya Kipsing. Ewesit, mdogo wake Lowoi, ndiye aliyebaki na mifugo kule. Hakuwahi kuanguka hata mara moja, na watu walisema laana ilimruka kwa sababu hakuiacha njia ya wazee. Ukweli ni kwamba Ewesit aliishi kwa maziwa, damu na nyama, ugali kwa nadra, sukari kwa bahati, na alitembea kutwa nzima bila kujilaza. Milango yake ilikuwa na ufa uleule, ila hakuna aliyewahi kuipa sababu ya kukwama. Malisho yalipokwisha na ugomvi wa maji ukaanza, alichagua ng'ombe waliokuwa bado wanaweza kusimama, akawaswaga hadi soko la mifugo la Isiolo, akitembea usiku na mchana, tumbo tupu. Aliwauza, akaja Chechelesi kwa kaka yake, vumbi hadi kwenye kope.

"Ejoka, Lowoi."

"Ejok. Karibu nyumbani."

Karimi alimwona shemeji yake na machozi yakamlenga. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na siku hiyo Karimi alipona kwelikweli. Jua halijazama, mezani palikuwa na wali na viazi, chapati zilizopandana hadi zikainama, soda mbili za Ewesit peke yake, na birika la chai iliyokolea sukari hadi kijiko kinasita.

"Kula, shemeji," alisema. "Huko Kipsing wamekumaliza. Ona mabega."

"Mke wako ananiharibu," Ewesit alimwambia kaka yake, akicheka, akavuta chapati nyingine.

Lowoi aliketi mbele yao. Aliziona chapati, akaliona vumbi la safari miguuni mwa nduguye, akasikia sauti ya Daktari Makandi kana kwamba yumo chumbani. Kazi nzito, kisha kupumzika, kisha wanga na sukari. Angeweza kusema, Ewesit, kula nusu. Karimi angeuliza kwa nini. Angemjibu nini? Akajiambia kwamba Ewesit hajaanguka hata siku moja, kwamba ni nusu kwa nusu, na nusu nzuri lazima imwangukie mtu. Nakaale alimmiminia amu yake chai, na amu akainywa, akalala mapema palepale kwenye kochi, viatu miguuni. Lowoi alimvua viatu. Hilo ndilo alilomfanyia.

Alfajiri alipotoka kwenda kichinjioni, Ewesit alikuwa amelala chali, anakoroma. Lowoi alisimama mlangoni, akafikiria kumgusa, kisha akaona amwache apumzike.

Jua lilikuwa limeshapanda Awale alipomjia Lowoi na simu yake, ambayo huachwa mbali na damu.

"Ni mama watoto," Awale alisema. "Anakutafuta. Kuna mtu mgonjwa kwako."

Lowoi hakungoja kuvua aproni. Alipanda bodaboda vilevile, na watu wa barabarani wakampisha wakidhani ameua. Alipofika, Karimi alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, kichwa cha Ewesit amekilaza mkononi, kikombe mdomoni mwake. Pakiti ya glukosi ilikuwa mezani, imefunguliwa.

"Hawezi kuamka," Karimi alisema. "Tangu asubuhi. Mwili wote umekataa. Ni njaa ya Kipsing imemtoka sasa amepata chakula. Namtia nguvu."

"Wacha hiyo kikombe."

"Kwa nini?"

Neno lilikuwa pale. Lilikuwa fupi, na mbele yake ndugu yake alikuwa anamtazama kwa macho mazima katika mwili ambao hauwezi kufukuza inzi. Lowoi alimtazama mkewe, mkono wake umekishika kichwa kile kwa upole, akaona kitakachompata akilisikia neno hilo. Au alijiona yeye mwenyewe, hilo hakuna ajuaye.

"Atakwama koo," alisema.

Walimpakia kwenye gari la jirani. Lowoi aliketi nyuma, kichwa cha Ewesit kimelala juu ya aproni yenye damu. Njiani Ewesit alisema kwa Kiturkana, kwa sauti nyembamba, maana hata pumzi ilikuwa ya kuhesabiwa:

"Hii ni ile ya baba?"

"Ndiyo."

"Wewe unayo?"

"Ndiyo."

"Na hukuniambia."

Lowoi alimwambia asizungumze, wanakaribia. Hawakuwa wanakaribia; gari lilikuwa limesimama nyuma ya lori la mbuzi. Alihisi kifua cha nduguye chini ya kiganja, kikipiga, kikipotea, kikirudi kwa fujo, kisha kikawa kama ndege aliyeshikwa, na mwishowe hakikuwa chochote. Lori likasogea. Dereva, ambaye hakujua, akapiga honi kwa furaha.

Daktari Makandi aliitwa na wenzake baadaye, akaja akamsimamia Lowoi kwenye benchi la nje.

"Uliwaambia?" aliuliza.

Lowoi alitikisa kichwa. Daktari hakumgombeza, jambo lililokuwa baya zaidi. Alisema potasiamu ikishuka sana, nyama za mguu hulala, lakini moyo haulali, moyo huchanganyikiwa mapigo. Alisema huenda angeokolewa. Alisema mlete mtoto apimwe. Kisha akaenda kwa wagonjwa wengine.

Ewesit alizikwa Ngaremara. Mchungaji aliomba, waumini wakaimba, na ilipofika zamu ya wazee mchungaji akakumbuka ana shughuli upande wa pili wa boma, kama anavyokumbuka kila mara. Mzee Lomuria, mkubwa wa ukoo, aliagiza fahali achinjwe. Alikuwa mzee mpole, hakuwa na hila, na alichokitaka kilikuwa chema: paja alilolila babu lirudishwe kwa watoto wa rika lile. Na nani alikate kama si mwana wa nyumba, tena mwenye kujua kisu? Lowoi akapewa kisu. Alilikata paja kwenye kiungo bila kuuvunja mfupa, akalibeba kwa mikono miwili hadi kwenye nusu duara ya wazee, akaliweka juu ya majani mabichi. Wazee wakala, kila mmoja kwa zamu yake.

"Basi," Lomuria alisema, akisimama kwa fimbo. "Lililoliwa limerudi. Ewesit amelifunga kwa mwili wake. Kuanzia leo nyumba ya Lokuruka ni safi. Watoto waoe, waolewe, mtu asiwaulize kitu."

Watu wakaitikia kwa pamoja. Karimi alimjia mumewe akiwa analia, lakini kilio chake kilikuwa kimebadilika.

"Umesikia, Baba Nakaale? Imeisha. Mimi nilikuwa naogopa miaka yote na sikukuambia. Kila asubuhi naskiza kama mtoto ameamka."

Lowoi alishtuka. Wawili walikuwa wamelala kitanda kimoja, wakisikiliza nyayo zilezile, kila mmoja akijifanya amelala. Na sasa mbele yake paliwekwa kitu kitamu kuliko vyote: nyamaza tu. Wazee wamekwisha sema. Mke ana amani. Mkono wake uliolisha umebaki mkono safi. Binti ataolewa. Hakuna aliyekuuliza neno. Akaona kwamba anaweza kukaa kimya hadi kufa, na kila mtu angemshukuru.

Nakaale alikuwa amefanya kazi tangu asubuhi. Alibeba maji kutoka bombani, akaosha sahani, akakimbizwa huku na huku na shangazi wote. Mchana wakampakulia wali mlima mzima, wakampa soda kwa sababu ni mtoto mwenye bidii, naye akajilaza kivulini kwenye mkeka. Jua lilikuwa linaelekea kuzama Karimi alipomwita waende.

"Mama," mtoto alisema, bado amelala. "Miguu hazitaki."

Karimi alicheka. "Umechoka, mama. Leo umebeba Ngaremara yote."

"Hapana. Naziambia, hazitaki. Hata hii mkono."

Kicheko kikakatika. Lakini Karimi hakuogopa bado. Wazee walikuwa wamemwambia imeisha, naye aliwaamini. Alifanya analofanya kila mama. Alichukua kikombe cha chai kutoka kwenye sinia la wageni, akaongeza sukari, akapiga goti mkekani na kumwinua binti yake kichwa.

"Kunywa, upate nguvu."

Lowoi alikuwa mbali kidogo, kati ya wazee. Alifika hapo bila kujua amekimbiaje. Alikishika kikombe, chai ikawamwagikia wote wawili, kikaanguka.

"Kwa nini?" Karimi aliuliza.

Wazee walikuwa wamegeuka. Lomuria alikuwa amesimama. Lowoi alijua kwamba uongo wa mara ya kwanza bado ungefaa: angesema atakwama, mtoto angelala hadi kesho, pengine angeamka.

"Ni sukari," alisema. "Sukari ndio inamlaza. Haijaisha, mzee Lomuria, nisamehe. Haikuwa paja. Ni ugonjwa wa nyama, tumezaliwa nayo. Baba alikuwa nayo, mimi niko nayo, mgongo yangu haijawahi kuuma hata siku moja. Daktari aliniambia mwaka jana. Akasema niwaambie."

Alitoa mfukoni chupa ndogo ya dawa, ambayo tangu Ewesit afe haikumtoka mwilini, akaomba maji. Mtu akaleta maji. Karimi alikuwa bado amepiga goti, anakitazama kikombe kilichoanguka kwenye mkeka.

"Ile asubuhi ya shemeji," alisema polepole. "Ulinikuta na kikombe."

"Ndiyo."

"Ukasema atakwama koo."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua ni sukari."

Karimi alikuwa anaihesabu moyoni asubuhi ile, midomo ikitikisika, kikombe kwa kikombe. Shangazi mmoja alinyoosha mkono amshike bega, Karimi akausukuma.

"Alikuwa ananiangalia tu," Karimi alisema. "Nilidhani ananishukuru."

Kisha akanyoosha mkono kwa Lowoi, si kwa kumshika, akachukua chupa. Akamuuliza kiasi gani, akamimina ndani ya maji, akazungusha, akapeleka kikombe mdomoni mwa mtoto. Hapo mkono ukasimama. Mwanamke aliyemlisha kila mtu aliyewahi kupita mlangoni kwake aliitazama dawa, akamtazama mumewe.

"Hii nayo haitamuua?"

"Haitamuua, Mama Nakaale. Ni dawa."

Alimwangalia kwa muda mrefu. Kisha akakigeuza kikombe, akaonja yeye kwanza, akameza, akaketi na kichwa cha binti yake pajani akingoja kuona litakalompata. Watu wote walingoja naye. Alipojiona yeye mwenyewe bado anapumua, akampa mtoto.